Miwani ya California, Sauti ya Kumuse

Mwaka 1968 nchini Marekani zilionekana kompyuta mbili ambazo mpaka leo zinavutana. Ya kwanza aliijenga Ivan Sutherland, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wanafunzi wake. Ilikuwa mashine ya kuvaliwa kichwani, yenye vioo vidogo mbele ya macho, na juu yake mkono wa chuma ulioshuka kutoka darini ukipima kila mwendo wa kichwa. Aliyeivaa alikiona chumba chake kama kilivyo, na humo humo chumbani akaona mchemraba wa mistari ya mwanga ukielea hewani. Akigeuza shingo, mchemraba haukumfuata. Ulibaki mahali pake, naye akauona kwa ubavu mwingine. Ya pili aliionyesha Douglas Engelbart tarehe 9 Desemba mwaka huo huo, mjini San Francisco, mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu. Wengi huikumbuka siku hiyo kwa sababu ya kipanya, ambacho ndipo kilipoonekana hadharani kwa mara ya kwanza. Mimi huikumbuka kwa jambo jingine. Engelbart alizungumza na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, makumi ya kilomita kutoka ukumbini, wakafanyia kazi waraka mmoja kwa wakati mmoja, na ukumbi mzima ukiwatazama.

Nimeziweka pamoja makusudi. Ukisimama kando ya mtu aliyevaa mashine ya Sutherland, unachokiona ni mtu anayegeuza shingo. Maajabu yote ni yake peke yake. Ukikaa katika ukumbi wa Engelbart, unaona anachokiona yeye, na unaweza kumnong'onezea jirani yako ulichokielewa. Tofauti hii haihusu nguvu ya mashine. Inahusu nani anabaki nje.

Kompyuta binafsi ilipozaliwa, ilielekea upande wa mtu mmoja. Altair 8800 ya 1975, Apple II ya 1977, mashine ya IBM ya 1981, Macintosh ya 1984: kila mojawapo iliuzwa kwa ahadi ya meza moja, kiti kimoja, jozi moja ya macho. Kisha kompyuta ikahama mezani ikapakatwa mapajani, ikatoka mapajani ikaingia kiganjani, na sasa inapanda usoni. Wakubwa wa teknolojia wanatuambia kwamba uso ndio mwisho wa safari: uhalisia pepe, unaoyafunika macho na kuyaletea dunia nyingine, na uhalisia ulioongezwa, unaoiacha dunia hii ionekane na kuipaka maelezo juu yake. Safari hiyo inasimuliwa kana kwamba ni ya wanadamu wote. Kwa maoni yangu ni safari ya mapokeo mamoja, yenye wazo lake mahususi kuhusu maana ya kuwa mahali fulani. Huku magharibi mwa Kenya yapo mapokeo mengine ya kuongezea dunia kitu kisichokuwapo, tena ya zamani na yaliyokomaa, na yanastahili kuwekwa kwenye mizani ile ile.

Kuna Matisi mbili upande huu. Moja iko ukingoni mwa mji wa Kitale, wadi ya eneobunge la Saboti katika kaunti ya Trans Nzoia, mahali pa nyumba zilizobanana, vinyozi, mafundi wa simu, bodaboda na wauza mahindi ya kuchoma. Nyingine iko Bungoma, kwenye barabara ya kutoka Webuye kuja Kitale. Katika zote mbili, kwa watu wengi, kompyuta haijawahi kuwa chombo cha mtu binafsi. Iko saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, na ni chombo cha kutumikiwa.

Nenda saiba yoyote ya hapa mwishoni mwa Juni, wakati siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato, inapokaribia. Mama anakaa kwenye benchi, anatoa kitambulisho, kijana anagonga vitufe.

"Paswadi ni ipi, mama?"

"Si uliiweka wewe mwaka jana, mwanangu? Angalia kwa kitabu chako."

Na kijana anafungua daftari kubwa lenye jalada gumu, anatembeza kidole, anaipata. Humo mna paswadi za mtaa mzima: za KRA, za eCitizen ya huduma za serikali, za HELB ya mikopo ya wanafunzi, za barua pepe ambazo wenyewe hawajawahi kuzifungua. Mtaalamu wa usalama wa data akiliona daftari lile atashika kichwa, na atakuwa na haki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na daftari lile linaivunja ukurasa kwa ukurasa. Mtu aliyeibiwa mkopo au kitambulisho kwa njia hiyo hahitaji kuelezwa hatari yake.

Lakini daftari lile linasema jambo ambalo wabunifu wa miwani hawajalisikia. Hapa kompyuta ni mahali penye mtu katikati. Hata M-Pesa, iliyoanza Machi 2007 na kugeuza simu duni kabisa kuwa benki, haikufanikiwa kwa menyu yake tu. Ilifanikiwa kwa sababu kila penye menyu palikuwa na wakala, binadamu wa kuulizwa, wa kulaumiwa na wa kuaminiwa. Mashine ilipewa msemaji.

Msemaji huyo yuko kwenye burudani pia, na hapo ndipo ulinganisho wangu unapoanza kwa kweli.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video anaijua sauti hiyo. Filamu ni ya Hong Kong, ya Mumbai au ya Hollywood. Wanaozungumza kwenye skrini hawaeleweki kwa nusu ya waliomo. Ghafla sauti yao inashuka na nyingine inapanda, ya mtu wa kwetu, inayoeleza, inayotania, inayoonya kwamba yule aliyeingia sasa ni msaliti, inayompa jambazi jina la mtaani. Tanzania ilimpata Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake za filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili zilisambaa mbali. Uganda ilipata kizazi kizima cha wasimulizi wanaoitwa ma-VJ, wakiwamo VJ Jingo na VJ Junior. Kenya ikampata DJ Afro. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alifika mbali zaidi: msimulizi aliingizwa ndani ya filamu yenyewe, na anayeitazama *Who Killed Captain Alex?* ya 2010 humsikia VJ Emmie akishangilia, akidokeza na akiisifia studio yao tangu mwanzo hadi mwisho.

Watafiti wamelinganisha kazi hii na ya *benshi* wa Japani, wasimulizi waliosimama kando ya skrini enzi za filamu zisizo na sauti, ambao watu wengine waliwafuata wao kuliko waigizaji. Ulinganisho huo ni wa haki. Mimi naongeza mwingine. Wahandisi wanasema uhalisia ulioongezwa ni tabaka la maelezo lililowekwa juu ya kile ambacho macho yanakiona tayari, kwa wakati ule ule, likiendana nacho. Kwa maana hiyo ya kihandisi kabisa, msimulizi wa kibanda alikuwa akiongeza uhalisia kwa maikrofoni na redio kaseti. Tofauti ni kwamba tabaka lake halikugawanyika. Watu arobaini walilipokea pamoja, wakacheka pamoja, na mzee aliyesinzia akaamshwa na kicheko.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Msimulizi aliyesimama mle mle ukumbini, kama walivyoanza wengi wa Uganda, alisikia hadhira yake. Walipochoka, alifupisha. Walipopiga kelele kwamba amekosea, alijirekebisha au akawajibu kwa matusi ya kirafiki. Msimulizi wa kanda, na baadaye wa diski na flashi, hasikii mtu. Sauti ya DJ Afro inayofika Matisi imekwisha kurekodiwa, na haijui kama humo ndani wamo watoto watupu au wazee watupu. Kitu kimepotea hapo. Hata hivyo hadhira haikukubali kunyamazishwa: wanamjibu vile vile, wanamtangulia kwenye vichekesho wanavyovijua, wanabishana naye. Mazoea ya kuitikia yalikuwa na nguvu kuliko kifaa. Nadhani yalikuwa na nguvu kwa sababu yalitoka mahali pa zamani kuliko kibanda.

Miongoni mwa Wabukusu, jamii ya huku magharibi mwa Kenya, mzee mwenye hadhi akifariki, siku chache baada ya maziko hualikwa *omuswala kumuse*, yaani msemaji wa kumuse, hotuba ya matanga. Si kila marehemu hufanyiwa, wala si kila mwenye ulimi mwepesi huweza kuifanya kazi hiyo. Inaaminika kwamba kipaji chenyewe hupita katika koo fulani na kumchagua mtu wake. Watu huketi na kuacha uwanja katikati. Omuswala huingia akiwa na vazi lake, kilemba chake na fimbo yake, akaanza kutembea huku na huko akisema. Hakatizwi njia yake. Wala hazungumzi na marehemu peke yake au na jamaa zake peke yao. Anazungumza na jamii nzima mbele ya kifo.

Na anachokisema kina upana wa ajabu. Anataja njia ambayo mapokeo yanasema mababu waliipita tangu Misri. Anazitaja koo na sifa zao. Anamtaja Mango, aliyeliua joka lililokuwa likimaliza watu, na ambaye kwake tohara ya Wabukusu inatajwa kuanzia. Anazitaja vita za 1895, Wabukusu walipojenga ngome huko Lumboka na Chetambe wakapigana na jeshi la Waingereza lenye silaha kali zaidi. Kisha, bila kupumzika, anageukia ya leo: vijana wanaouza mashamba, pombe, waliosoma na kusahau kwao, watu wazima wanaogombania urithi kabla kaburi halijakauka. Aliyevuma kuliko wote katika kazi hii alikuwa Manguliechi, na wengi ambao hawakuwahi kukaa mbele yake wameisikia sauti yake kwenye rekodi.

Sasa rudi kwa mchemraba wa Sutherland. Ugumu mkubwa wa kazi yake, ugumu ambao makampuni yameumwagia mabilioni tangu hapo, ni kufanya kitu kisichokuwapo kikae mahali pake. Picha ikitelezateleza kichwa kinapogeuka, uchawi wote unakatika, na mtu anaweza hata kushikwa na kichefuchefu, kwa kuwa macho yanasema jambo moja na sikio la ndani linalopima mwendo linasema jingine. Mkono wa chuma wa Harvard, kamera za leo, vipima mwendo, ramani za chumba zinazochorwa mara nyingi kwa sekunde: vyote vinatafuta jibu la swali moja, kitu hiki kiko wapi?

Omuswala ana jibu lake. Ukikaa kwenye kumuse karibu na Webuye, Chetambe unaiona ukiinua macho. Ni kilima kilichoko juu ya mji. Anapoitaja vita ile, haichori hewani. Anaipachika kwenye mawe yaliyokuwapo siku yenyewe. Anapoutaja ukoo, wa ukoo ule wamo uwanjani na wanajua wametajwa, na jirani zao wanawatupia jicho. Tabaka la zamani linalala juu ya tabaka la sasa bila kuteleza hata kidogo, maana limeshikizwa kwa vitu ambavyo kila aliyepo anaviona na kwa watu ambao kila aliyepo anawajua. Hakuna anayetengwa na mwenzake ili aione Chetambe ya 1895. Wote wako mahali pamoja, mchana kweupe, na nyakati mbili zinakaa pamoja mbele yao.

Sijasikia ufafanuzi bora wa uhalisia ulioongezwa kuliko huo, na naamini mhandisi anayeitaka kazi hii kwa dhati angejifunza mengi zaidi kwa kuketi uwanjani pale asubuhi moja kuliko kwa kusoma ripoti nyingine ya soko.

Hata ndani ya mapokeo ya Marekani walikuwapo walioona hivyo. Miaka ya 1980, Jaron Lanier na kampuni yake ya VPL Research waliuza miwani na glavu za kumwingiza mtu katika ulimwengu wa kompyuta. Mwaka 1991 Mark Weiser, wa maabara ya Xerox PARC, aliandika akipinga mwelekeo huo. Kwake, uhalisia pepe ulimtoa mtu duniani ukamtia ndani ya mashine, ilhali yeye alitaka mashine zitoke ziishi katika dunia ya watu, zisambae kwenye kuta na karatasi na meza mpaka mtu asizitambue. Weiser alikuwa mrithi wa Engelbart kwa moyo, ingawa fedha nyingi zilikwenda kwa warithi wa Sutherland. Facebook iliinunua Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe, mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2, na mwaka 2021 kampuni yenyewe ikabadili jina kuwa Meta ili kutangaza imani yake.

Mambo mawili yaliyotokea baadaye yanasema zaidi ya matangazo yote. La kwanza ni Vision Pro ya Apple, iliyoanza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499, zaidi ya shilingi 450,000 za Kenya. Upande wake wa nje una skrini inayoonyesha picha ya macho ya aliyeivaa, ili walio karibu naye wamwone akiwatazama. Kampuni inayosifika kwa wabunifu wake imeyafunika macho ya mtu, kisha ikatumia fedha na umeme na uzito kuyachora upya macho yale yale kwa nje. Hakuna ushahidi mkubwa zaidi kwamba kutengwa na jirani ni kasoro ya msingi ya kifaa hiki, na kwamba waliokijenga wanaijua. La pili ni miwani ya Ray-Ban ya Meta, iliyotolewa 2023. Haikuwa na skrini kabisa. Ilikuwa na kamera, maikrofoni na spika ndogo. Ilimsemesha mtu sikioni huku macho yake yakiwa huru kumtazama mwenzake. Hiyo ndiyo iliyouzika, zaidi ya milioni 2 kwa muda wa mwaka mmoja na ushee. Dunia iliyoahidiwa picha imechagua, kwa sasa, sauti. Lufufu asingeshangaa.

Hata hivyo sauti hiyo inamnong'oneza mtu mmoja, na kamera yake inawapiga picha wote walio mbele bila kuwauliza. Hilo linanitia wasiwasi zaidi ya daftari la saiba, kwa kuwa daftari lina mwenyewe na duka lake tunalijua.

Basi kwetu kifaa cha kuongeza uhalisia kimeshafika? Kimefika, ila hakuna aliyekiita kwa jina hilo, kwa sababu hakivaliwi. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia Kenya na kuvamia mahindi, na Trans Nzoia ni kaunti inayoishi kwa mahindi. Miaka hiyo hiyo watafiti wa PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walikuwa wakitengeneza programu ya simu inayoitwa Nuru. Ilifundishwa kwanza kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa Tanzania, mengine yana batobato, mengine michirizi ya kahawia, mengine yameliwa na utitiri. Baadaye ikaongezewa viwavijeshi vya mahindi. Mkulima anashika simu ya kawaida juu ya jani. Programu inalitazama jani kupitia kamera, inaweka alama kwenye sehemu iliyoumwa, inataja ugonjwa. Inafanya hivyo bila intaneti, jambo ambalo katika shamba lisilo na mtandao ndilo linaloamua kama chombo kitatumika au kitasahauliwa. Na inaweza kusema Kiswahili.

Hili ni tabaka juu ya dunia, lililofungwa kwa kitu halisi, kwa wakati ule ule. Kwa ufafanuzi wowote wa kiufundi ni ndugu wa mchemraba wa Harvard. Lakini angalia linavyotumika. Simu moja inashikwa juu ya jani moja, na watu watatu wanne wanainamisha vichwa. Mmoja anauliza kama ni batobato kweli au ni upungufu wa mbolea. Mwingine anasema jani lile si zuri, chukua lile. Mwenye shamba anataka kujua ang'oe au aache, swali ambalo simu inalijibu nusu tu, na nusu ya pili inajibiwa na aliyepoteza shamba msimu uliopita. Skrini ndogo, ambayo wauzaji wa miwani wanaiona kama kizuizi kinachongoja kuondolewa, hapa ndiyo inayofanya kazi ya uwanja. Inawalazimisha watu kukusanyika. Ukiwavisha wote wanne miwani, kila mmoja ataliona jani lake na jibu lake, na mabishano yanayozaa uamuzi mzuri yatakosa pa kusimama.

Sisemi haya ili kuipamba jamii. Kumuse ina sauti ya mwanamume juu ya kifo cha mwanamume, wanawake husikiliza. Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi hotuba hizo, za Manguliechi zikiwamo, zinavyojenga na kulinda mamlaka ya kiume hata zinapofundisha hekima. Kuitikia si sawa na kuwa na neno. Kibanda cha video nacho kwa sehemu kubwa kilikuwa cha wavulana, na msichana aliyeonekana akitoka humo jioni alisemwa. Katika mitaa iliyobanana, ambako ukuta ni bati na kila kikohozi kinasikika kwa jirani, kuna watu ambao upweke kwao ni hitaji kubwa. Msichana wa Matisi akivaa miwani na kuingia mahali ambapo hakuna shangazi, hakuna kaka na hakuna mlinzi wa maadili, anapata kitu ambacho uwanja wa kumuse hautampa kamwe. Mapokeo ya Sutherland yana heshima hiyo, na siwezi kuinyima. Vifaa vyenyewe pia vinashuka bei: Quest 3S ya Meta ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 300 hivi, kama shilingi 39,000, bei ya simu nzuri.

Waliokwisha kuyashika mapokeo yote mawili kwa mikono miwili ni wasanii. Mwaka 2017, kupitia mpango wa New Dimensions wa shirika la Electric South la Cape Town, kazi mbili za uhalisia pepe zilitoka Nairobi. *Nairobi Berries* ya Ng'endo Mukii ni shairi la picha juu ya jiji linalompa mtu ahadi na kumla. Inatumia upweke wa miwani kwa ajili ya ndoto, jambo ambalo miwani inalifanya vizuri, na sina haja ya kuirefusha. Ile nyingine ndiyo inayonirudia. *Let This Be a Warning*, ya kundi la The Nest, inakupeleka kwenye sayari ya mbali ambako Waafrika walioihama dunia wamejenga makao yao. Wewe uliyevaa miwani umefika bila kualikwa. Wenyeji wanakutazama. Wanakusemesha, na huna mdomo wa kuwajibu.

Filamu nyingi za namna hii humfanya mtazamaji kuwa jicho lisiloonekana, linaloruhusiwa kupita popote: kambi ya wakimbizi, wodi, chumba cha maskini. Jicho hilo ni la mtalii. The Nest waliligeuza. Walikielewa kifaa kwa namna ya mtu aliyelelewa kwenye mikutano, matanga na baraza, ambako kuwapo ni kuonekana na wengine na kutajwa. Ukiketi kwenye kumuse omuswala anaweza kukufikia wakati wowote. Ukiingia sayari ile wenyeji wamekwisha kukufikia. Kuwapo kwako kunathibitishwa na macho ya wengine, wala hakutokani na wingi wa picha zinazokuzunguka. Wakati makampuni ya California yanahesabu nukta za picha kwa kila digrii ya upeo wa macho, kundi la Nairobi lilipata uzito wa mahali kwa njia ya zamani kabisa, yaani kumtazama mgeni na kumwambia amefika kwa nani.

Swali linalofuata ni la kwetu, na litafika mapema kuliko tunavyodhani. Makumbusho ya Kitale yalianzia kwenye mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mwanajeshi mlowezi aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926, yakafunguliwa kwa umma mjini mwaka 1974. Mkusanyiko wake ulikuwa wa vipepeo, ndege waliokaushwa, silaha na vyombo. Baadaye katika uwanja wa makumbusho zilijengwa boma za jamii za eneo hili, nyumba kamili ambazo mgeni anainama na kuingia, na watoto wa shule wanazikumbuka boma hizo kuliko makabati yote ya vioo. Si vigumu kumwona mtu siku moja akileta kamera ya pande zote kurekodi kumuse kwa ajili ya ukumbi kama huo. Mafundi wa maneno haya wanazeeka. Koo zinazojua kazi hiyo zina vijana walio Nairobi, Doha na Dallas. Rekodi za kawaida zinaonyesha mtu akitembea huku na huko mbele ya migongo ya watu, na mengi yanapotea. Hoja ya kurekodi kwa njia mpya ni nzito, na nitaiunga mkono, ikiwa wenye maneno watakubali na watabaki na haki juu ya rekodi.

Ila itawekwa wapi kamera? Mtaalamu ataitaka katikati ya uwanja, maana hapo ndipo panapoonekana kila upande bila kizuizi. Pale ni njia ya omuswala. Kuiweka pale ni kumpa mtazamaji wa Dallas mahali ambapo hapana mtu wa ukoo anayeruhusiwa kusimama, na kumfanya omuswala azunguke chombo cha plastiki kwenye njia yake mwenyewe. Mimi ningeiweka chini, kwa waliokaa, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekalia mkeka, katikati ya ukoo mmojawapo. Kichwa cha mtu kitaziba nusu ya picha. Mtoto atasimama mbele yake. Bibi wa kushoto ataguna kwa maneno yanayomhusu, na atakayevaa miwani ile atalazimika kugeuza shingo ili aone nani amegunishwa na kwa nini. Omuswala atakuwa mbali wakati mwingine, akiwapa mgongo, na itabidi kumngojea arudi, kama wanavyomngojea wengine wote.